Wageni wa Shimoni

Kimya ndicho kilichomsimamisha Meja Wasfi Sidhom kwenye ngazi. Mtu yeyote wa Port Said aliyewahi kuleta watoto kwenye nyumba hii ya samaki anaijua ngurumo ya pampu yake: unaisikia kwanza kwa nyayo, kisha kwa masikio. Asubuhi hii sakafu haikutetemeka hata kidogo.

Chumba kilikuwa chini ya tangi kubwa, chembamba, kina taa moja inayoning'inia kwenye waya. Katikati palichimbwa shimo la saruji, lenye kina cha kuzidi urefu wa mtu na upana wa kutosha kuegesha gari dogo. Maji ya tangi yalimwagikia humo yakachujwa, halafu pampu ikayarudisha juu. Sasa yalikuwa yametulia, meusi, na usoni mwake vinywa vidogo vidogo vilifunguka na kufumba, vikitafuta pumzi.

"Nani kaizima pampu?"

"Daktari Bahgat, mkurugenzi wa hapa, afande," alijibu Luteni Hazim, kijana aliyepiga pasi nguo zake mpaka soksi, faili kwapani. "Aliizima alipomkuta marehemu. Tukaiacha hivyo hivyo tusiharibu ushahidi."

"Marehemu ndiye fundi wa pampu."

"Usta Shahata. Miaka ishirini na sita yuko hapa hapa chini. Kafia kwenye shimo lake mwenyewe." Hazim alifungua faili. "Mwanzo tulidhani kateleza. Lakini daktari wa maiti kakuta alama za vidole nyuma ya shingo. Kakandamizwa majini mpaka kakata roho. Mtu wetu tunaye, yumo garini na pingu. Mitwali, mpiga mbizi. Juzi alimwambia mzee mbele ya wafanyakazi wote, 'Nitakuzamisha kwenye shimo lako.' Saa sita mchana namfikisha kwa mwendesha mashtaka."

Wasfi alitazama saa yake. Saa nne na robo.

"Kwa hiyo kaahidi Alhamisi, katimiza Jumamosi," alisema. "Laiti mafundi wangu wa mabomba wangekuwa hivyo."

Hazim hakucheka. Wasfi alichuchumaa. Kando ya shimo palilala mabuti ya mpira, maji bado yakivuja ndani yake.

"Alikuwa kayavaa?"

"Ndiyo. Daktari Bahgat anasema yalijaa maji yakamvuta chini."

Wasfi aliokota buti moja akalipima kwenye mguu wake. Lilifika chini ya goti. Kisha alichukua mti wa ufagio uliosimama pembeni, akautumbukiza shimoni hadi ukagusa sakafu, akautoa. Ulikuwa umelowa mpaka usawa wa kifua chake. Aliuegemeza ukutani pale pale ulipokuwa, akafuta mikono kwenye leso.

"Kuna jingine," Hazim aliendelea. "Leo haikuwa zamu yake. Mkewe anasema alitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, akamwambia, 'Nina wageni wengine wa kuwatoa, na si wa kwetu.' Basi alikuwa na miadi na watu, afande. Watu wa nje. Nimeandika hapa: Mitwali na wenzake wasiojulikana."

"Wageni."

"Neno lake hilo."

"Iache nafasi hapo kwenye karatasi yako," alisema Wasfi. "Usiijaze kwanza."

*

Mlinzi, Ami Sabur, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mlangoni, sufuria ya maharage miguuni, tupu na safi. Alikuwa mzee wa meno matatu na maneno mengi.

"Uliingia saa ngapi, Ami?"

"Mimi siingii, Bwana Mkubwa, mimi nipo. Nalala hapa kama paka wa msikitini. Shahata kapita saa kumi na mbili, kanisalimia, kanitania kuhusu meno yangu, Mungu amrehemu. Daktari kaja saa moja kasorobo. Hilo lilinishangaza, maana Daktari huyu akija saa tatu tunapiga vigelegele."

"Na Mitwali?"

"Saa mbili, kama siku zote. Alikuta tumeshamtoa."

"Anaweza kuwa kaingia kwa nyuma," Hazim alidakia. "Ana ufunguo wa mlango wa ufukweni."

"Huenda," alisema mzee. "Hata wewe una miguu."

Wasfi aliinua mkono kumtuliza Hazim. "Niambie habari ya pampu."

"Eh, hapo sasa! Nilikuwa namega mkate niutie kwenye maharage, mara nikahisi kiti kimenyamaza chini yangu. Miaka kumi na moja matako yangu yanatetemeshwa na pampu ile, Bwana Mkubwa, ikinyamaza nahisi kama nimeanguka. Nikajisemea, Shahata kazima pampu? Labda dunia inaisha. Nikala."

"Ukala."

"Maharage yanapoa. Nikala, nikasafisha sufuria, nikachemsha chai, nikanywa glasi moja. Ndipo Daktari akapiga kelele huko chini, 'Sabur! Nisaidie!' Nikashuka. Shahata alikuwa anaelea, kifudifudi. Tukamvuta kwa mti wenye ndoana wa kusafishia tangi, sisi wawili, kutoka juu."

"Hakuna aliyeingia majini?"

"Nani aingie? Mimi siogelei, na Daktari ana viatu vya ngozi. Ila suruali yake ilikuwa imelowa chepechepe, mpaka hapa." Alijipiga magotini. "Alikuwa akitetemeka, maskini."

Wasfi alimtazama Hazim. Hazim alikuwa anatazama saa.

*

Mitwali alikuwa jitu la mabega mapana, limebanwa kwenye kiti cha nyuma cha gari kama kabati. Wasfi aliketi kando yake akafunga mlango.

"Ulisema utamzamisha."

"Nilisema." Alizitazama pingu zake. "Nimemwambia maneno hayo mara mia tangu nianze kazi. Naye ananiambia atanikaanga na kitunguu. Muulize yeyote."

"Alhamisi hamkuwa mnataniana."

"Hapana. Alhamisi nilikuwa na hasira." Mitwali aliinamisha kichwa mpaka kikagusa kiti cha mbele. "Alikuwa analeta samaki kwenye tangi langu. Wa manjano, wana kiraka cha buluu shavuni kama wamepigwa kofi. Anasema kawaokoa shimoni. Namwambia, Usta, hao wanatoka Bahari ya Shamu, tangi letu lina samaki wa bahari ya hapa tu. Samaki hawezi kudondoka kutoka kwenye tangi asilokuwamo! Yeye ananiambia mimi mpiga mbizi, nijue mapovu yangu. Kawatia kumi na mmoja wiki hii. Chewa wangu mkubwa kala tisa. Watoto wa shule wamesimama kwenye kioo, wanaona mkia wa manjano unatoka mdomoni mwa chewa. Msichana mmoja katapika."

"Ndipo ukamtisha."

"Ndipo nikamburuta, nikamwonyesha. Alitazama kioo muda mrefu. Akasema, 'Mimi nimewaua hawa.' Nikaondoka nikimtukana." Mitwali aliinua kichwa. "Unajua alikuwa na mchezo wake? Kila samaki akimtoa shimoni humwambia, 'Karibu nyumbani, mgeni.' Kila mmoja. Mzee mzima anasalimia dagaa. Nilikuwa nikimcheka mpaka nashika mbavu."

"Aliwaita wageni?"

"Wote waliodondokea shimoni. Wageni wake."

Wasfi alifungua mlango wa gari. Hazim alikuwa amesimama nje, amesikia. Alitoa kalamu, akaifungua, kisha akaifunga tena.

*

Daktari Bahgat aliwangoja chini, kando ya shimo. Alikuwa mkurugenzi na tabibu wa samaki kwa pamoja, mtu nadhifu, mwenye koti jeupe. Ila chini ya koti alivaa suruali ya michezo ya rangi ya machungwa, yenye picha ya pomboo anayecheka, kutoka kwenye duka la zawadi.

"Samahani kwa vazi hili, Meja. Yangu ililowa."

"Pole sana. Nieleze mara moja tu, halafu nakuacha upumzike. Ulishuka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu hivi. Nilikuwa ofisini nasoma barua. Nilishuka kumwuliza Usta jambo la chujio."

"Pampu ilikuwa inafanya kazi?"

"Inanguruma. Nilimwita, nikajua hanisikii kwa kelele. Nikafika hapa ukingoni nikamwona anaelea."

"Maji yalifika wapi? Kabla hujagusa kitu."

Bahgat alionyesha ngazi ya chuma iliyoshuka shimoni. "Kidato cha nne kutoka chini. Kama yalivyo sasa. Naona mabuti yalimlemea, mzee wa watu. Bila shaka sasa mnasema ni Mitwali, na sitaki kuamini, lakini..."

"Halafu ukazima pampu."

"Mara moja. Nikamwita Sabur. Hata dakika haikupita."

"Sabur anasema alikula, akaosha sufuria, akanywa chai, kati ya kimya na kelele zako."

Bahgat alitabasamu kwa huruma. "Sabur wiki iliyopita alimfungulia mlango mbuzi akidhani ni mgeni wa wizara."

Hazim alicheka kidogo. Wasfi pia alicheka, maana ilichekesha.

Wakati huo ngazi za juu zikaanza kupiga makelele ya kandambili, akashuka mwanamke mnene wa makamo, kilemba cheusi, ndoo mbili mikononi na mpira wa hewa umening'inia shingoni. Askari wa juu alikuwa akimfuata nyuma akiomba radhi.

"Huyu ni Mama Lutfi, mlishaji," alisema Bahgat haraka. "Mama Lutfi, nimekwambia hapana."

"Daktari umeniambia hapana mara nne, na kwa kila hapana moja, kumi wamekufa!" Alimgeukia Wasfi. "Wewe ndiye mkubwa? Mwanangu, Shahata wamemwua, sawa, mtanitafutia aliyemwua. Lakini hawa wamefanya kosa gani? Tazama vinywa! Maji yamesimama tangu asubuhi, hawana hewa. Wamefungiwa humu kama kwenye jeneza. Niruhusu niwatoe."

"Hapa ni mahali pa tukio," alisema Bahgat. "Ni vidagaa vya tangini, vya hovyo. Afadhali wafe wachache kuliko kuharibu ushahidi. Si kweli, Luteni?"

"Ni kweli," alisema Hazim.

Wasfi alimtazama Bahgat muda kidogo. "Wewe ndiye tabibu wao?"

"Mimi... ndiyo. Lakini sheria ni sheria."

"Picha zimepigwa, Hazim?"

"Zote, afande."

"Alama za vidole kwenye swichi?"

"Zimechukuliwa. Ni za Daktari tu, kama alivyosema."

"Basi, Mama Lutfi, watoe."

Mama Lutfi hakungoja aambiwe mara mbili. Aliweka ndoo chini, akatoa kifuani wavu mdogo: kitanzi cha waya kilichoshonewa kipande cha mtandio wa hariri, mweusi, umechakaa. "Huu wa Shahata," alisema. "Mtandio wa mkewe. Wavu wa dukani huwakwangua magamba." Kisha, badala ya kuushusha majini, alikwenda ukutani kwenye swichi.

"Usiguse hiyo!" Bahgat alipiga kelele, sauti ikampasuka.

"Nitawafikiaje bila kuiwasha? Niote mapezi?"

"Meja, ni hatari, umeme na maji..."

"Iwashe, mama," alisema Wasfi.

Akaiwasha.

Ngurumo ilipanda kutoka chini ya sakafu, ikaingia kwenye viatu, kwenye magoti, kwenye meno. Juu ya vichwa vyao maji yalisikika yakisukumwa kwenda tangini. Na shimoni uso mweusi ukaanza kushuka.

Kidato cha nne kilitoka majini kikitiririka. Kidato cha tatu. Ukuta uliobaki wazi uling'aa kwa unyevu. Walisimama wote wakitazama, na samaki wakisongamana kadiri maji yalivyopungua, hadi yalipofika kidato cha pili, na hapo yakasimama. Yaligota pale pale kwenye mstari mweupe wa chumvi, mnene kama kidole, uliozunguka shimo zima. Miaka ishirini na sita ya maji kusimama mahali pamoja.

Wasfi alichukua ule mti wa ufagio akaupeleka shimoni, akautoa, akausimamisha kando ya mguu wake. Ulikuwa umelowa upya mpaka chini ya goti. Mpaka usawa wa buti la mpira.

"Nini kimetokea?" aliuliza Hazim.

"Kimetokea kinachotokea siku zote," alisema Mama Lutfi, tayari anashuka ngazi, gauni limefungwa kiunoni. "Pampu ikifanya kazi, maji yapo juu, huku yanabaki ya goti. Ukiizima yale ya juu yote yanamwagika humu, yanafika kifuani. Ndiyo maana Shahata hakuizima hata siku moja. Alikuwa akisema, anayezima pampu anajaza kaburi."

Wasfi alimgeukia Bahgat. Hakupaza sauti, ilibidi Hazim asogee ili asikie.

"Daktari, ulisema pampu inanguruma."

"Nili... nilichanganyikiwa. Labda ilikuwa imezimwa tayari."

"Na nani? Kila mtu hapa anajua mzee haizimi. Ukisema uliikuta imezimwa, nitauliza mkono wa nani. Na alama za vidole vyako ziko hapo. Kwa hiyo uliihitaji inanguruma. Lakini mtu hatelezi akafa kwenye maji ya goti, kwa hiyo uliyahitaji maji ya kifua pia. Ulivitaka vyote viwili, Daktari. Navyo havikai pamoja."

"Mitwali ana ufunguo..."

"Hazim," alisema Wasfi, "suruali ya Daktari iko wapi?"

"Imeanikwa dirishani ofisini kwake, afande. Niliiona."

"Ilete."

Walingoja. Mama Lutfi alikuwa akichota shimoni kwa ule mtandio, mmoja mmoja, akiwatia ndooni na kuwapulizia hewa kwa mpira. Mkizi mdogo. Mkizi mwingine. Kisha alipiga yowe fupi. Nyuma ya chujio, pale kivuli kilipokuwa kizito, kamba nyembamba ilishikilia tenga la plastiki lenye mfuniko. Mfuniko ulikuwa umefunguliwa nusu. Aliinua wavu, na ndani yake palikuwa na kitu cha manjano, chenye kiraka cha buluu shavuni.

"Wamo tele," alisema. "Ya Rabi, wamo tele humu. Nani kawaweka?"

"Mtu anayewapitisha bandarini," alisema Wasfi, macho yakiwa bado kwa Bahgat. "Wanakatazwa kuvuliwa, basi wakafichwa mahali ambapo samaki aliyefungiwa hamshangazi mtu. Ila wengine walipenya tengani, mzee akadhani wamedondoka, akawaokoa. Akawapeleka juu kwa chewa. Alhamisi Mitwali akamfumbua macho. Ijumaa, nafikiri, alikuja kwako, kwa sababu wewe ndiye mkubwa wake. Alikuuliza, Daktari, hawa wageni ni wa nani?"

Bahgat alikuwa amekaa kwenye kidato cha ngazi ya juu. Yule pomboo wa machungwa alicheka gotini pake.

"Nilimwambia awaache," alisema. "Siku mbili tu. Nilimwambia siku mbili tu, watakuwa wameondoka. Nilimbembeleza! Alikuja asubuhi na ndoo zake. Anasema hawezi kuwaua tena."

Hazim alirudi na suruali ya kijivu, nzuri, ya kitambaa cha bei. Alikuwa ameishika mbali na mwili wake. Ilikuwa imekauka kwa joto la dirishani, na chini ya kila goti, ukizunguka mguu mzima, ulikuwa umejichora mstari mweupe wa chumvi.

Aliitazama. Akatazama ukuta wa shimo. Akafungua faili lake, akatoa karatasi ya juu, akaikunja mara mbili akaitia mfukoni.

"Ukiwavuta watu kutoka ukingoni hulowi," alisema Wasfi. "Na ukiingia kwenye maji ya kifua unalowa kifua. Uliingia yakiwa ya goti. Pampu ikinguruma, na mzee yu hai." Alimgeukia luteni. "Mtu hazami kwenye maji ya goti, Hazim, mpaka apigishwe magoti. Liandike hilo. Kisha mfunge pingu."

*

Saa sita kasoro dakika kumi Mitwali alishuka ngazi, akijisugua vifundo vya mikono. Hakuna aliyemwita. Alisimama ukingoni, akatazama, akavua viatu, akateremka shimoni. Maji yalimfika magotini. Alibaki amesimama hivyo, akitazama magoti yake, hata Mama Lutfi akamgusa bega na kumpa ule wavu wa mtandio.

"Juu kwa chewa usinipelekee," alimwambia. "Nimeandaa beseni."

Mitwali alianza kuchota. Wa kwanza alipapatika kwenye hariri. Alimwinua mpaka usawa wa uso wake.

"Karibu nyumbani, mgeni," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu lugha asiyoijua.

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Wasfi alisimama juu, kofia mkononi, akihesabu bila kukusudia. Walitoka ishirini na wawili wa manjano wakiwa hai. Wa ishirini na tatu alikuwa amekwisha kufa zamani, amelala ubavu, jicho jeupe. Mama Lutfi alinyoosha mkono amchukue amtupe.

Mitwali alimzuia. Alimwinua naye kama wale wengine, akamwambia maneno yale yale, yote, kisha ndipo akampa.